Siku ndo zinakupandisha Mera: maongezi na waongoza wageni na wapenda milima, Moshi

Shikamooni wazee wangu, vijana mambo vipi. Asanteni kwa kuja maana najua msimu huu wa mvua kila mtu ana shamba linamsubiri, na wengine mmetoka Marangu na Machame kwa bodaboda kwenye matope. Nimeambiwa niongelee Mera Peak, mlima wa Nepal, mita 6,476, na tangu tangazo litoke kwenye grupu mmeniuliza swali moja tu kwa njia ishirini, kwamba mtu aliyezoea Kibo, yani Kilimanjaro yetu, ataweza? Anaweza. Ila kitakachomfikisha ni tofauti na anachofikiria. Wengi mnawaza pumzi, mnawaza buti la bei mbaya, mimi ntasimama hapa nawaambia ni siku, yani umelala njiani mara ngapi kabla hujagusa barafu. Kama hela yako haitoshi, inunue siku kwanza, buti utakodi.

Tuanze na namba maana namba ndo zinadanganya watu. Uhuru, kilele cha Kibo, ni mita 5,895, Mera 6,476, tofauti mita 581, mtu wa hapa anaangalia anasema aa hayo ni masaa mawili matatu ya ziada, tumezoea. Sasa angalia unapolala. Kambi ya juu kule, wenyewe wanaiita High Camp, iko kama mita 5,800. Yani unalala karibu na usawa wa Uhuru. Sisi Uhuru tunakaa dakika ngapi jamani? Picha, mgeni analia kidogo, picha tena, haya shuka. Kule unavua buti, unalazimisha supu ambayo koo haliitaki, unaingia kwenye begi la kulalia pamoja na chupa za maji na betri na soksi ili visigande, unageuka geuka mpaka saa nane usiku, afu ndo kazi inaanza.

Hewa mnaijua wenyewe, oksijeni ni asilimia 21 hapa mjini na asilimia 21 kule juu, kinachopungua ni mgandamizo wa hewa, ule unaoisukuma iingie kwenye damu. Ukifika kama mita 5,500 mgandamizo ni nusu ya ule wa Tanga ufukweni. Mwili una majibu yake, unapumua haraka na kwa kina, figo zinarekebisha damu, chembe nyekundu zinaongezeka, ila majibu hayo yanataka siku, mengine wiki kabisa, na hayaulizi una misuli kiasi gani. Maharage mabichi hata uongeze kuni hayaivi kwa dakika kumi.

Na hapa niwe mkweli kwa sababu tuko wenyewe. Kilimanjaro tumezoea kuibia. Madaktari wa milimani wanasema ukishapita mita 3,000 usipandishe sehemu ya kulala zaidi ya mita 500 kwa usiku mmoja, na kila baada ya siku tatu nne upumzike. Njia yetu ya Marangu ikoje? Mandara 2,720, Horombo 3,720, Kibo Hut 4,720. Elfu, elfu. Mara mbili ya kinachoshauriwa, na usiku huo huo wa Kibo tunamwamsha mgeni tunampeleka juu elfu moja na mia tena. Wengi wanafika Uhuru miili yao haijazoea chochote, wanapanda na kushuka kabla mwili haujastuka. Kinachotuokoa ni kushuka. Mgeni akianza kuongea maneno yasiyoeleweka tunamshika mkono, machela ikihitajika inakuja, masaa machache yuko Horombo anaulizia chai.

Sasa bonde la Hinku, ambako Mera iko, halikupi hiyo nafasi. Lina njia mbili kuu za kuingilia kwa miguu. Moja inatoka Lukla, mji mdogo wenye uwanja wa ndege, na kupita juu ya kipasi, yani pa kuvukia mlima, kinaitwa Zatrwa La, kama mita 4,600, mawe na theluji na mteremko wa kuvunja magoti. Nyingine inazunguka kusini kupitia Paiya, Panggom, mpaka Ramailo Danda, misitu na migongo ya vilima, siku kadhaa. Kwaiyo mtu akizidiwa Khare, kijiji cha mwisho kwenye mita kama 5,000, unaweza kumshusha mpaka Kothe, mita 3,600 hivi, hiyo ni mwendo wa siku nzima kwa mtu mgonjwa, na baada ya hapo kufika Lukla lazima UMPANDISHE tena mpaka 4,600, au umzungushe kusini siku kadhaa. Fikiria unamshusha mgeni Horombo afu unaambiwa ili afike getini inabidi apite Kibo Hut kwanza. Hamna barabara, hamna gari, ni helikopta tu na helikopta hairuki kwenye mawingu, na mawingu kule mchana yanajaa.

Ndo maana nang'ang'ania siku. Na siku zenyewe wenzetu wa zamani walikua nazo bila kuziomba. Mera ilipandwa kwanza tarehe 20 Mei 1953, ile ncha ya kati, na mwanajeshi wa Kiingereza Jimmy Roberts akiwa na Sen Tenzing. Huyu Roberts alikua amepeleka mizigo ya oksijeni kwa ajili ya msafara wa Everest wa mwaka ule, akamaliza kazi akaenda kutembea zake, siku tisa kabla Hillary na Tenzing Norgay hawajafika juu ya Everest. Alikua ameshatembea nchi ile kwa miguu wiki kwa wiki, mwili umeiva. Uwanja wa Lukla haukuwepo, ulijengwa 1964, na mwaka huo huo Roberts alifungua kampuni ya kwanza Nepal ya kutembeza watu milimani, kwaiyo sisi wote wa hii kazi tuna undugu naye kidogo. Sasa hivi unapanda ndege, ndani ya nusu saa umetupwa mita 2,860, kwenye lami fupi iliyoinama ya mita 527 tu, upande mmoja ukuta wa mlima upande mwingine korongo. Ile ndege imekuokolea wiki za kutembea na imekunyang'anya mazoea yote ambayo wiki zile zingekupa. Inabidi uyarudishe mwenyewe.

Kampuni zinazouza safari fupi zinakupitisha Zatrwa La moja kwa moja wakati wa kwenda, siku ya pili ya tatu tangu ushuke kwenye ndege uko 4,600 kichwa kinapasuka. Mimi nasema usikubali. Pita kusini. Inachosha akili, nakiri hilo, unapanda unashuka unapanda unashuka, siku nne umetembea jasho linatoka jioni unaangalia saa yako inasema bado 2,800, kuna jamaa kwenye kundi letu alianza kukasirikia ramani. Lakini usingizi unaupata, wali na dengu unakula sahani mbili, miguu inakaza. Afu kuanzia Kothe ndo unapanda taratibu, Thangnak 4,350 unalala siku mbili, Khare siku mbili au tatu, mchana unapanda mpaka ukingo wa barafu unarudi kulala chini. Zatrwa La itumie kutokea, wakati huo umeshaiva unaipita unapiga mluzi.

Safari nzima ukiweka vizuri ni wiki mbili na nusu mpaka tatu, na acha siku za akiba mwanzoni na mwishoni kwa sababu ya ndege. Lukla ikifunga imefunga, unaweza kukaa siku mbili tatu unahesabu kuku. Msimu ukichanganya ndege nyingi haziondoki hata Kathmandu, zinaondokea Manthali huko Ramechhap, maana yake unaamshwa usiku wa manane unapigwa gari masaa manne matano kwenye kona. Mzigo wa ndege ni kilo 15 jumla. Mwenye begi la kilo 30 atavaa buti la barafu na koti la manyoya uwanjani kwenye joto, nimeona kwa macho.

Pale juu ya Thangnak mtaona bonde limechanwa, mawe meupe makubwa mto mzima, msidhani ni kawaida. Tarehe 3 Septemba 1998 ziwa la barafu la Sabai Tsho lilipasua ukingo wake, maji yakashuka na kila kitu. Bado kovu liko wazi.

Wapagazi. Hapa nitakaa kidogo na mtanivumilia, wengi humu tulianza kama wagumu tukibeba mitungi ya gesi. Watu wanaamini kila mtu anayebeba mzigo Nepal ni Msherpa na Msherpa hasikii mwinuko. Ni kweli Washerpa na Watibeti wana urithi wa damu unaowasaidia, wanasayansi wameona mpaka jeni yenyewe, EPAS1. Lakini wabeba mizigo wengi wa njia ile ni Warai na watu wengine wa vijiji vya chini, wakulima, na mwinuko unawapiga sawa sawa na unavyompiga kijana wa Kibosho. Sisi Wachaga kuzaliwa mita 1,500 hakujatupa kitu, tusijidanganye. Wapagazi wamekufa kwa kupandishwa haraka wakiwa na ndala na shuka, mpaka likaanzishwa shirika la kutetea wapagazi, IPPG, mwaka 1997, kama ambavyo sisi tuna KPAP, shirika la kutetea wapagazi wa Kilimanjaro, tangu 2003. Kwaiyo ukiongea na kampuni uliza maswali ambayo sisi tulitamani wageni wayaulize, huyu kijana ana buti? ana miwani ya theluji? analala wapi Khare? ana bima? Hapa kwetu kilo 20 zinapimwa getini, kule sikuona mizani, nilikua naulizia mwenyewe na nilionekana mgeni msumbufu, sawa tu.

Na mkikataa safari fupi mnamwokoa na yeye.

Afya sasa, sikilizeni hapa hata wasioenda. Dalili mnazijua kutoka darasani, kichwa, kichefuchefu, usingizi hamna, hiyo ni ya kawaida, unasimama hapo ulipo hupandi mpaka iishe. Akianza kuyumba, mwambie atembee kisigino kwa kidole kwenye mstari, akishindwa ubongo unavimba. Akihema akiwa amekaa, kikohozi cha majimaji, mapafu yanajaa. Hizo mbili ni kushuka sasa hivi, hata saa tisa usiku, hatusubiri kuche. Dawa ya Diamoksi inasaidia mwili kuzoea, dozi ya kinga ni miligramu 125 asubuhi na jioni, mwenye mzio wa dawa za salfa aseme kwa daktari, na ndio, vidole vitawasha na soda itakua na ladha ya ajabu. Deksamethasoni ni kitu kingine, inaficha dalili, ni ya kukuwezesha kushuka. Mtu anayeimeza ili apande juu mimi siendi naye kamba moja.

Kuna jambo wazungu hawaliandiki sana kwenye makaratasi yao kwa sababu sio tatizo lao. Sikoseli. Mwenye ugonjwa wenyewe wa selimundu hii safari sio yake. Ila kuna mtu anayebeba tu, ana jeni moja ya ugonjwa huo lakini haumwi, yule AS, ambaye maisha yake yote ni mzima anacheza mpira, na huku kwetu wako wengi sana. Wengi wao wanapanda milima bila shida, lakini kuna ambao mwinuko umewapiga bandama, damu inaziba, maumivu makali upande wa kushoto chini ya mbavu. Kipimo ni cha damu tu. Kapime, ujue, umwambie kiongozi wako, na maumivu ya upande huo ukiyasikia usiseme ni gesi.

Baridi nayo. High Camp usiku inashuka nyuzi 15, 20 chini ya sifuri, na upepo juu yake. Vitabu vinasema ngozi inayoanza kuganda inakua nyeupe, sasa kwenye ngozi yetu weupe huo hauonekani vizuri kwa taa ya kichwani, kwaiyo msitegemee macho, tegemeeni hisia. Kidole kilikua kinauma afu kikaacha kuuma, usishangilie, vua glovu kiweke kwapani. Na midomo pakeni, pua kwa ndani pakeni, theluji inarudisha jua kutokea chini na weusi hautuokoi kihivyo.

Mazoezi sitasema mengi. Mnapanda milima kila mwezi, mna miguu. Kwa wale wa Dar na Nairobi, begi la kilo 12 na ngazi, wikiendi mbili mfululizo mlima Meru wa Arusha. Kinachotukosa sisi wote ni barafu. Kibo ina barafu lakini njia zetu haziikanyagi, na mtu anaweza kuongoza miaka kumi hajawahi kufunga kramponi, yale meno ya chuma ya chini ya buti. Karibu yetu pa kujifunzia ni Uganda, Rwenzori, ukipanda Margherita mita 5,109 bado unavuka barafu kwa kramponi na kamba, na viongozi wa kule wanaijua kazi. Nendeni hata kama mvua na tope la Rwenzori litawatukanisha. Khare wanafundisha siku moja, kufunga hanesi, ule mkanda wa kiunoni wa kushikia kamba, kutembea na kamba, kutumia jumari, kishikio kinachopanda kamba bila kurudi nyuma, lakini kujifunza kitu kipya kwenye mita 5,000 ni mateso, mikono inasahau.

Halafu hivi vilele vya kibali cha NMA, chama cha wapanda milima cha Nepal kilichoanza 1973, watu wanasikia ni vilele vya watembeaji wanadhani vyote ni kutembea. Hilo ni kundi la vibali tu. Kusum Kanguru nayo iko kwenye kundi hilo hilo, mtaiona mkiwa bonde la Hinku, mita 6,367, ukuta mtupu, wataalamu wenyewe wanageuka. Mera ni ya upole kati yao, mteremko mpana wa barafu, na upole huo ndo unaofanya watu wasiojiandaa waende.

Usiku wa kilele. Mnatoka saa nane, mmefungana kamba kwa sababu chini ya theluji kuna nyufa, zingine zimefunikwa na theluji laini huwezi kuziona. Hakuna kupanda kwa mikono, ni kutembea, lakini kutembea kwa hatua moja pumzi tatu, masaa, na mteremko haubadiliki, giza lote unaangalia kisigino cha mbele yako na kamba ikikaza unajua wa nyuma amesimama. Hii kamba ndo kitu kigeni kuliko vyote kwa mtu wa Kili, maana kwetu kila mtu na mwendo wake, msaidizi anabaki na aliyechelewa, kule anayechoka anasimamisha wote na wote wanaganda. Kwaiyo mkichagua watu wa kwenda nao chagueni mwendo unaofanana, urafiki baadae. Mwishoni kabisa kuna kichuguu cha mwinuko mkali wa makumi machache ya mita, kamba imeshafungwa, unaweka jumari, unajivuta. Niwaambie na siri ndogo, ncha ya juu kabisa ya 6,476 ni ile ya kaskazini, wengi wanaishia ya kati, 6,461, na picha wanaandika 6,476 hivo hivo. Mita 15, sigombani na mtu.

Na jua likitoka, jamani. Everest, Lhotse, Makalu, Cho Oyu, na mbali mashariki Kangchenjunga. Milima mitano ya zaidi ya mita 8,000 kwa kugeuza shingo. Nimesimama Uhuru asubuhi nyingi na naipenda Mawenzi kama mama yangu, ila pale nilikaa chini.

Muda wa kugeuka mkubaliane jana yake mkiwa na akili, afu msiujadili tena juu.

Bima. Hakikisha karatasi inasema kwa maandishi zaidi ya mita 6,000 na matumizi ya kamba, nyingi zinaishia 5,000 au 6,000 na wauzaji hawakuambii. Na helikopta iitwe na ugonjwa, isiitwe na mtu anayetafuta kamisheni, huu mchezo ulikuepo mpaka serikali ya Nepal ikauchunguza mwaka 2018. Viza unapata uwanjani Kathmandu, ya siku 30 ni dola 50. Vibali ni cha NMA, cha hifadhi ya Makalu Barun, na cha halmashauri pale Lukla, kampuni inashughulikia, bei za vibali zinapanda kwaiyo ulizeni za mwaka wenu. Buti la barafu lile la tabaka mbili, kramponi, koti kubwa, vyote vinakodishwa Thamel, mtaa wa Kathmandu, na vingine mpaka Khare. Miguu yako ikiwa mikubwa kama ya mzee pale mbele, kodi Kathmandu, Khare utakosa saizi.

Nimeona mkono. Eti ukitoka Mera unaweza kwenda Everest? Wilfred Moshi alifika Everest 2012, Mtanzania wa kwanza, na alikua anaongoza wageni hapa hapa kama nyie. Mwalimu Kagambi wa Kenya alifika 2022 akiwa na miaka 62. Kwaiyo njia ipo, ila kati ya Mera na Everest kuna milima mingine mingi na hela nyingi sana, mimi nawashauri nendeni Mera kwa sababu mnaitaka Mera. Wa Oktoba na Novemba andikeni majina kwa dada hapo mlangoni, Aprili na Mei sisi huku kazi imelala kwaiyo ndo inatufaa zaidi wenye kazi ya mlima, ila theluji inakua nyingi. Chai imefika. Kramponi na hanesi ziko mezani mnaweza kujaribu, lakini tafadhali sana msikanyage nazo zulia la ukumbi, nimeweka dhamana ya jina langu.